Mtoto Ambaye Jinsia Yake Haijabainika

Mtoto azaliwapo, iwe kisiwani Ukerewe au mjini Mwanza, swali la kwanza la majirani ni moja: wa kiume au wa kike? Mara chache hutokea mkunga akakosa jibu, kwa kuwa maumbile ya mtoto hayaonyeshi dhahiri. Mtoto huyo huitwa huntha.

Sayansi inaeleza jambo hili. Katika majuma sita ya kwanza ya mimba, viungo vya uzazi vya vijusi vyote hufanana. Kisha jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu Y, huanzisha njia ya kiume. Isipokuwapo, kwa kawaida hufuatwa ya kike. Homoni zikizidi au zikipungua, umbo la nje huweza kutofautiana na la ndani.

Chanzo kimojawapo ni hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo. Mtoto mwenye hitilafu hiyo aweza kupoteza chumvi mwilini, akatapika na kufa katika majuma machache. Kwa hiyo, kumficha kwa kuona haya ni kumnyima tiba. Apelekwe hospitali upesi. Kanda ya Ziwa inayo Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Upasuaji wa kubadili umbo tu hauna haraka hiyo. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaukataza kwa mtoto huntha pasipo ushauri wa mtaalamu. Yamkini akikua atasema hajioni kuwa wa jinsia aliyopangiwa. Wazazi wake wasimpige wala kumcheka, wamsikilize kwanza.