Unaandika riwaya huku ukivuna waru? Tulia, hujachelewa

Sema ukweli. Ile riwaya yako ya mwaka 2090, ile ya roboti zinazolima Mau Narok huku watu wakiishi chini ya ardhi, imefika ukurasa wa ngapi? Kumi na moja? Na mwaka jana wakati kama huu ilikuwa wa tisa?

Usione haya, mko wengi. Na najua si uvivu. Waru zikikomaa, alfajiri uko shambani, baridi ya Mau inakata vidole na lori la broka linangoja magunia. Jioni mikono ina matope, simu imebaki na chaji ya asilimia nane, na mamako anauliza mbona unachezea simu badala ya kutafuta kazi ya maana. Ukimwambia unaandika kitabu, anauliza kitalipa lini. Ukimwambia ni cha sayansi ya kubuni, anafikiri umerudi shule.

Basi mwambie kuhusu Katama Mkangi. Huyu alikuwa msomi wa sosholojia kutoka Pwani. Riwaya yake ya Ukiwa ilitoka 1975. Mafuta ikafuata 1984, miaka tisa baadaye. Mwaka wa 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, serikali ya Moi ilimkamata na kumweka kizuizini bila kesi. Walenisi, ile ambayo jamaa anayeitwa Dzombo anafungiwa ndani ya chombo cha angani ili afe, lakini anakiendesha mpaka anatua kwenye sayari nyingine, ilichapishwa 1995. Hesabu mwenyewe: riwaya tatu kwa miaka ishirini. Na leo ukitaja hadithi za angani kwa Kiswahili, Walenisi haikosi kutajwa. Hakuna anayeuliza ilichukua muda gani.

Ng'ambo kuna Octavia Butler, Mmarekani mweusi. Babake alikuwa mpiga viatu rangi, mamake mfanyakazi wa nyumbani. Kabla vitabu vianze kumlisha, Butler aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, na kuna wakati kazi yake ilikuwa kukagua krispi kiwandani. Ndiyo, krispi za waru! Alikuwa anaamka saa nane usiku, anaandika, kisha anaenda job. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1976. Mwaka wa 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa sayansi ya kubuni kupewa tuzo ya MacArthur.

Lakini sitakudanganya kwamba kila kitabu huisha. Butler mwenyewe alikianza na kukianza tena kitabu cha tatu cha mfululizo wake wa Parable, na alipofariki 2006 kilikuwa bado hakijakamilika. Alichotuachia ni vile alivyokamilisha. Ndiyo maana hiyo nusu saa yako ya usiku ina maana.

Tufanye hesabu ya duka. Maneno 150 kwa siku ni kama meseji ndefu unayomwandikia mtu mkikosana. Ukiandika hivyo kila siku, mwaka ukiisha una maneno 54,750. Hiyo ni riwaya nzima. Punguza siku za kuvuna, matanga na siku za homa, bado umevuka 40,000. Siku ambazo hupati hata sentensi moja, andika jina la mhusika au swali moja ulilobaki nalo, ili kesho usianze na ukurasa mtupu.

Na usifikiri lazima uhamie Nairobi ndipo upate cha kuandika. Uko juu ya mita 2,500, kwenye msitu unaolisha mito kama Mara na Njoro. Mto Njoro unashuka hadi Ziwa Nakuru, ziwa ambalo tangu miaka ya 2010 limepanda na kumeza nyumba na mashamba ya watu. Halafu unasema huna stori? Wanuri Kahiu alichukua swali moja tu, maji yakiisha itakuwaje, akatengeneza Pumzi mwaka wa 2009. Filamu ya dakika kama ishirini hivi, lakini ilifika hadi tamasha la Sundance kule Marekani. Wewe geuza swali: maji yakikataa kushuka kutoka Mau? Broka akiwa roboti, gunia la kupita kiasi atalikubali? Kicheke, lakini kiandike.

Jambo jingine: andika kwa lugha unayoiota. Tangu 2014 kuna tuzo ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, na inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Yaani hata kile kilicho kwenye daftari lako la kurasa 96 kina mahali pa kwenda kikikamilika.

Usiache shamba. Usiache boda. Butler hakuacha kazi mapema, na wewe huna sababu ya kulala njaa ndipo uitwe msanii. Mama akiuliza tena italipa lini, mjibu kwa heshima kwamba hujui. Halafu mwombe jambo moja tu: nusu saa baada ya chakula, bila kutumwa dukani.

Leo andika maneno 150. Waru hazikomai kwa siku moja, na hujawahi kuzing'oa kwa sababu zimechelewa.