Kijana wako ni mrefu kama Thabeet? Mpime moyo, mlindie shule

Morogoro. Suruali ya shule iliyoshonwa Januari, ikifika Juni imeshapanda juu ya vifundo vya miguu. Viatu vinabana. Kijana wa kidato cha pili akishuka kwenye daladala Msamvu inabidi ainame mlangoni, na wapiga debe hawamwachi: "Twiga! Mlingoti! Wewe si ukacheze NBA?"

Mzazi anayelea kijana wa namna hii anayajua maneno hayo. Mwanzo ni utani wa stendi. Kisha siku moja anatokea mtu mwenye maneno mazito zaidi: kuna shule Marekani, kuna ufadhili, kinachotakiwa ni pasipoti tu. Hapo ndipo jina la Hasheem Thabeet linapotajwa sebuleni kama ushahidi kwamba inawezekana.

Ni kweli inawezekana. Lakini safari yake ina mengi ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla hajasema ndiyo.

Alianza akiwa na miaka 15

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wazazi wengi hudhani mtoto ameshachelewa. Alimalizia sekondari Houston, jimbo la Texas, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut.

Huko, urefu wake wa mita 2.21 ulikuwa ukuta. Mwaka 2008 na 2009 alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa kanda ya Big East, na mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani.

Juni 2009, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa namba mbili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia NBA mwaka huo. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo akawa amepatikana.

Baada ya shangwe

Februari 2010, hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis ilimpeleka kucheza ligi ya chini. Wakati huo hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa hivyo. Baadaye alipita Houston Rockets, Portland Trail Blazers na Oklahoma City Thunder. Katika misimu yake mitano ya NBA wastani wake ulikuwa pointi 2.2 kwa mechi.

Mwaka 2017 alikuwa Japan, akiichezea Yokohama B-Corsairs. Mwaka 2020 alikuwa Taiwan, klabu ya Hsinchu Lioneers.

Wapo wanaosema alifeli. Lakini mtu aliyeshika mpira akiwa na miaka 15 alikuwa bado analipwa kuucheza akiwa na miaka 33. Na njia hiyo ya kuhama bara hadi bara hawapiti Waafrika peke yao. NBA ina timu 30, na kila timu ina nafasi za kawaida 15, yaani wachezaji 450 tu kwa dunia nzima. Wamarekani wengi wanaotoka vyuoni na vipaji vyao huishia kutafuta riziki Uturuki, Hispania, China, Lebanon au Ufilipino, mara nyingi kwa mikataba ya msimu mmoja au miezi michache. Akiumia goti, huenda msimu ujao asiwe na klabu.

Kwa hiyo, mzazi anayemwandaa mtoto kwa kazi hii anamwandaa kwa maisha ya kuhamahama, na chombo chake cha kazi ni mwili.

Urefu unaweza kuficha ugonjwa

Mmarekani Isaiah Austin, mwenye urefu wa mita 2.16, alisubiri kuchaguliwa NBA Juni 2014. Siku chache kabla, vipimo vilionyesha ana tatizo la Marfan, na madaktari wakamzuia kucheza. Baada ya miaka miwili na zaidi ya uangalizi aliruhusiwa kurudi uwanjani, akaenda kucheza Serbia, kisha China na nchi nyingine.

Marfan ni hali ya kurithi inayodhoofisha nyuzi zinazoshikilia viungo vya mwili. Inakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 5,000. Hatari kubwa ni mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ambao hutanuka polepole na unaweza kuchanika ghafla.

Watoto wengi warefu hawana tatizo hili. Warefu wengi wamerithi tu urefu wa babu au bibi. Hata hivyo, mpeleke mtoto hospitali ukiona dalili kadhaa kwa pamoja: mikono mirefu kupita kiasi, vidole vyembamba virefu, kifua kilichobonyea au kuchomoza, mgongo uliopinda, na macho yasiyoona mbali tangu utotoni.

Zipo dalili za kutosubiri hata moja. Mtoto akizimia akicheza, akilalamika maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila sababu, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, asimamishe mazoezi hadi apimwe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Ikihitajika, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ina wataalamu wa moyo. Altrasaundi ya moyo haiumizi, na ndiyo inayoonyesha hali ya mshipa huo.

Goti, usingizi na sahani

Kijana anayerefuka haraka na kuruka kila siku huweza kupata uvimbe na maumivu chini kidogo ya goti. Mara nyingi ni mfupa unaokua ukivutwa na misuli, na hutulia akipumzika. Usimwambie avumilie. Mpe angalau siku moja kwa wiki bila mazoezi, na mwache acheze michezo mingine pia.

Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Simu ya usiku inakula saa hizo.

Chakula hakihitaji unga wa madukani unaouzwa kwa picha za misuli. Maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga na ndizi zinazoshuka kutoka milima ya Uluguru vinatosha, mradi sahani isiwe ugali mtupu.

Akija mtu na ahadi

Marekani imewahi kuripotiwa mara kadhaa kwamba vijana wa Afrika walipelekwa kwa ahadi za kikapu, kisha wakaachwa bila shule wala makazi. Kwa hiyo omba jina la shule, uwasiliane nayo mwenyewe kwa anwani uliyoitafuta wewe. Shule halali ndiyo inayotoa fomu ya I-20 ya kuombea viza ya mwanafunzi. Uliza nani atalipa matibabu akiumia, ataishi na nani, na nini kitatokea kwa masomo yake akiachwa na timu. Majibu yawe kwenye karatasi. Pasipoti ibaki kwa mwenyewe au kwa mlezi wake halali, si kwa wakala.

Tena usikubali aache shule hapa ili "ajiandae". Vyuo vya Marekani huangalia matokeo ya darasani kabla ya kumruhusu mwanafunzi kucheza, na siku goti likikataa, cheti ndicho kitakachobaki.

Wapiga debe wa Msamvu wataendelea kumwita twiga. Nyumbani mwite jina lake, muulize masomo yanakwendaje na goti linaendeleaje, na wiki hii mtafute nafasi ya kwenda kupima moyo.