Chungwa Halikatwi Robo Muheza

Azimio la kazi la Hisabati, Darasa la Nne, Septemba, wiki ya tatu: sehemu. Vipindi vitano. Zana: machungwa, kisu, kadi za namba. Niliandika mwenyewe wakati wa likizo ya Desemba, kwa mwandiko wa kujivunia, na safu ya mwisho kulia, ile nyembamba ya Maoni, nikaiacha wazi kama inavyotakiwa. Nilichosahau ni kwamba wiki ya tatu ya Septemba 2025 ingekuwa wiki ya mahafali.

Sina pa kujitetea. Mtihani wa kumaliza Darasa la Saba hufanyika Septemba, na wiki iliyotangulia ulikuwa umeshatumeza siku mbili: madawati yetu yalihamishiwa vyumba vya mtihani, watoto wangu wakabaki nyumbani. Ningeweza kuyaona haya yote Desemba kama ningeangalia kalenda badala ya kunakili azimio la mwaka uliopita. Walimu wenzangu wanajua ninachosema.

Jumatatu mstarini, mwalimu wa zamu akasoma majina. Kwaya, ngonjera, ngoma. Katika watoto wangu 54, waliitwa 38. Nikaingia darasani na 16 waliobaki, begani nimebeba mfuko wa machungwa.

Hapa niseme jambo moja kuhusu machungwa. Sijui ni nani aliyeamua kwamba sehemu zifundishwe kwa chungwa, lakini hakuwa mtu wa Muheza. Nikalikata chungwa vipande vinne mbele ya darasa, nikauliza: mama ana chungwa moja na watoto wanne, kila mmoja atapata kiasi gani? Binti mmoja akajibu bila kusita, “Moja, mwalimu. Ataenda kuchuma mengine.” Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini kipindi kilikuwa kimeanguka pale pale. Kwa mtoto ambaye nyuma ya nyumba yao machungwa yanaoza chini ya mti, robo ya chungwa ni swali la kipuuzi. Nilikuwa nimetumia hiyo zana miaka kadhaa, na watoto kadhaa wenye adabu zaidi walikuwa wamenijibu “robo” ili tuendelee.

Jumatano soda zikafika. Kamati ya shule ilizinunua kwa michango ya hiari ya wazazi. Neno “hiari” hutamkwa kwa uangalifu siku hizi, kwa kuwa elimu ni bila ada tangu 2016 na hakuna mwalimu anayetaka kusikika akilazimisha mchango. Na kilichotolewa kwa hiari hakikutosha, hivyo ikabidi zigawanywe. Mwalimu wa kwaya aliniomba watoto wanaojua hesabu. Nikampa wanne wa kwaya yake mwenyewe, nikasimama mlangoni pa stoo kuangalia.

Kreti moja ina chupa 24. Meza kuu ikatengewa kreti moja na nusu. Wanakwaya walikuwa 32, na kilichobaki kwa ajili yao kilikuwa theluthi mbili za kreti. Mmoja akahesabu kwa vidole: theluthi ni 8, mbili ni 16. Kimya. Kisha, “Kumbe tutakunywa nusu nusu!” Wakatoka mbio kutangaza habari hiyo mbaya. Ndani ya dakika kumi kwaya nzima ilikuwa inabishana kuhusu nusu, nani ataanza kunywa, na nusu ya chupa inaishia wapi wakati shingo yake ni nyembamba kuliko tumbo. Hilo la mwisho halimo kwenye kitabu changu, na si swali dogo.

Ajabu nyingine nikaiona kwenye azimio la jirani. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, umewaletea watoto hawa, waliokuwa la Tatu wakati huo, somo la Sanaa na Michezo. Ungedhani wiki ya kupiga ngoma na kuimba ndiyo wiki yake. Mwenzangu alikuwa amepanga kuchora. Kwa hiyo ngoma ya bugobogobo ilichezwa uwanjani siku nne mfululizo, majembe ya bustani yakirushwa na kudakwa, na kwenye daftari zetu wote wawili siku hizo zikahesabika kuwa vipindi vilivyopotea.

Ijumaa mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Hilo nalo lingeweza kuingizwa kwenye azimio. Risala ikasomwa: tunaomba kuezekewa boma la madarasa mawili lililojengwa kwa nguvu za wananchi, tunaomba matundu ya vyoo. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, nasi hatufiki hata nusu. Nyuma yangu, watoto wawili walikuwa wakiitamka risala kwa sauti ya chini, neno kwa neno, wakimtangulia msomaji. Walikuwa wameikariri mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni mwaka tu. Boma lile nalo lina azimio lake mahali fulani, na pengine safu yake ya Maoni imeshajazwa. Mwaka 2027, hawa wangu wa mtaala ulioboreshwa wakimaliza shule ya msingi Darasa la Sita, sambamba na watakaokuwa la Saba, wahitimu watakuwa wa madarasa mawili na turubai litahitajika kubwa zaidi.

Jumatatu iliyofuata nikakaa na kalamu mbele ya Maoni. Kawaida huandikwa “Imefundishwa”. Upimaji wa Darasa la Nne ulikuwa Oktoba, na mthibiti ubora wa shule hapendi safu tupu. Nikataka kuandika habari ya soda, nikijiona mwalimu hodari. Kwanza nikaingia darasani nikauliza: theluthi mbili za kreti ni chupa ngapi?

Mikono ikainuka mingi, yote ya waliokuwa kwenye kwaya na wenzao waliosikia ule ubishi. Wale 16, ambao wiki nzima walifagia uwanja, wakabeba viti na kuteka maji ya maua, walinitazama. Hawakuingia stoo wala hawakupata hata hiyo nusu chupa. Wao niliwapa chungwa.

Mmoja wao akainua mkono. “Mwalimu, tufungue ukurasa gani?”

“Ule ule wa Jumatatu iliyopita,” nikamwambia, nikaenda kuomba kreti tupu.