Kabla ya kununua waya Kariakoo, tazama matundu kwanza

Na Mwandishi Wetu

ANAYEFIKA Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akitafuta waya wa kuunganisha kompyuta na televisheni, huulizwa swali moja kabla hata hajavuka mlango wa duka: “Waya gani, bosi?” Mwenye jibu huhudumiwa kwa dakika tano. Asiye na jibu huuziwa ule uliopo.

Kwa mkazi wa Ilala au Magomeni, kosa hilo ni la nauli ya daladala tu. Lakini wapo wateja wanaotoka mbali. Chukua mfano wa mkulima wa mpunga wa Ifakara. Anasafiri kwa basi kama kilomita 400, anashuka Kituo cha Magufuli, Mbezi, anakuja Kariakoo kufunga mzigo wake, na katika orodha yake kuna waya mmoja wa kuonyeshea video za mafunzo kwa wanachama wa kikundi. Akifika nyumbani anakuta kichwa cha waya hakiingii, au kinaingia lakini televisheni inabaki nyeusi. Risiti aliyonayo inasema: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mahitaji ya waya hizi yameongezeka kwa sababu kompyuta na televisheni sasa ni vifaa vya kazi. Mwenye kibanda umiza anazihitaji. Mwenye saluni anataka kuonyesha mitindo kwenye kioo kikubwa. Mwenye stationari anataka mteja asome kazi yake kabla haijachapwa. Chama cha msingi cha wakulima kinataka wanachama 40 waone hesabu za mauzo kwa pamoja, badala ya kusongamana mbele ya kompyuta moja ndogo.

Wote hao wanahitaji kujua jambo moja kubwa: waya hauchaguliwi kwa bei wala kwa uzuri wa kichwa chake. Huchaguliwa kwa matundu mawili, moja la kompyuta na moja la televisheni. Ukiyajua hayo mawili, umemaliza nusu ya kazi ukiwa bado nyumbani.

Matundu utakayoyakuta

La kwanza ni HDMI. Hili ni tundu bapa, pana juu na jembamba kidogo chini, na pembe zake mbili za chini zimekatwa. Lilianza kutumika baada ya viwango vyake kutolewa mwaka 2002, na leo liko karibu katika kila televisheni mpya. Sifa yake kubwa ni kwamba waya mmoja hubeba picha pamoja na sauti. Kama kompyuta yako na televisheni yako zote zina HDMI, usihangaike na kingine chochote. Nunua waya wa HDMI wenye kichwa kinachofanana pande zote mbili.

La pili ni VGA. Hili ni la zamani zaidi, lilitoka kwa kampuni ya IBM mwaka 1987. Lina vitundu 15 katika mistari mitatu, mara nyingi ni la rangi ya bluu, na kichwa cha waya wake kina skrubu mbili za kukazia. VGA hubeba picha peke yake. Ukiitumia, sauti lazima ipite njia nyingine: waya mdogo unaotoka kwenye tundu la spika za masikioni la kompyuta kwenda kwenye televisheni au kwenye sabufa. Wengi wameirudisha televisheni kwa fundi wakidhani spika zimeungua, kumbe hakuna waya wowote uliopeleka sauti.

La tatu ni DisplayPort, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika, zinazoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa katikati ya jiji, zina VGA na DisplayPort lakini hazina HDMI. Kwa haraka tundu la DisplayPort linafanana na HDMI. Tofauti yake ni hii: DisplayPort imekatwa pembe moja tu, HDMI imekatwa mbili. Ukikuta pembe moja, omba waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Waya huo hufanya kazi kwa mwelekeo mmoja, yaani kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye televisheni, na hicho ndicho unachokihitaji.

La nne ni tundu dogo la mviringo la USB-C, lililopo katika kompyuta mpakato mpya na simu nyingi. Tahadhari: si kila USB-C hutoa picha. Nyingine huchaji na kupitisha mafaili tu. Tazama kama pembeni yake kuna alama ya herufi D na P zilizoungana, au alama ya radi yenye mshale. Usipoiona, soma kitabu cha kifaa au jaribu dukani kabla ya kulipa.

La mwisho ni matundu matatu ya mviringo yenye rangi: njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Haya wengi wanayafahamu tangu usiku wa Desemba 31, 2012, matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam na watu wakalazimika kununua ving'amuzi. Waya wa rangi tatu ndio uliookoa televisheni nyingi za chogo zisitupwe.

Adapta si kichwa cha kubadilisha umbo

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kichwa kikiingia, picha itatoka. Mfano mzuri ni waya unaouzwa ukiwa na kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya njano, nyeupe na nyekundu upande wa pili, bila kiboksi chochote katikati. Kwa kompyuta, waya huo haufanyi kazi. HDMI hutuma picha kwa lugha ya tarakimu, wakati tundu la njano linaelewa lugha ya analojia tu. Bila mkalimani katikati, hawa wawili hawasikilizani. Ndivyo ilivyo pia kwa waya mtupu wa VGA kwenda HDMI.

Mkalimani huyo ni kiboksi kidogo, ambacho mafundi hukiita konveta. Kwa televisheni ya chogo, kinachotakiwa ni kiboksi kilichoandikwa HDMI2AV. Pembeni yake huwekwa ndugu yake anayefanana naye kwa umbo na rangi, ameandikwa AV2HDMI. Huyo hufanya kazi kinyume: huchukua king'amuzi cha zamani na kukipeleka kwenye televisheni mpya. Soma maandishi hayo wewe mwenyewe, usimwachie winga akusomee.

Kiboksi hicho huhitaji umeme mdogo wa volti 5, na huja na waya wa USB kwa kazi hiyo. Kina pia swichi ndogo yenye maneno PAL na NTSC. Kwa televisheni za hapa kwetu iweke PAL. Ukiiacha kwenye NTSC, televisheni nyingi za chogo zitaonyesha picha isiyo na rangi, au picha inayopanda na kushuka.

Mwelekeo ni muhimu pia kwa adapta za VGA. Kompyuta yenye HDMI ikienda kwenye televisheni yenye VGA inahitaji adapta ya aina moja. Kompyuta yenye VGA ikienda kwenye televisheni yenye HDMI inahitaji ya aina nyingine. Haziwezi kubadilishana hata kama vichwa vinaonekana kuingia. Muuzaji mweleze hivi: “Natoka kwenye kompyuta yenye tundu hili, nakwenda kwenye televisheni yenye tundu lile.” Maneno hayo mawili, natoka na nakwenda, yana thamani kuliko jina lolote la kampuni.

Je, chogo inafaa kwa kazi? Kwa filamu na mafunzo ya picha, inafaa. Kwa hesabu, barua na maandishi madogo, haifai. Mfumo wa PAL una mistari 576 tu ya picha inayoonekana, na herufi za kompyuta zitasomeka kwa tabu. Mwenye stationari asinunue konveta kwa kazi hiyo. Pesa hiyo aiweke akiba ya televisheni bapa, hata iliyotumika.

Jaribu kabla ya kutoka dukani

Ushauri wa kwanza ni rahisi. Kabla ya safari, piga picha kwa simu matundu ya kompyuta na ya nyuma ya televisheni, kila moja kwa karibu. Picha hizo mbili humaliza ubishi wote wa dukani. Kama kompyuta ni mpakato, njoo nayo.

Pili, pima umbali. Kompyuta ikiwa mezani na televisheni ukutani, waya hupita chini, hukata kona na kupanda juu. Usipime hewani. Kwa matumizi ya kawaida mita 1.5 hadi 3 zinatosha. Waya wa HDMI wa kawaida ukizidi mita 10 huanza kuleta mashaka: picha hukatika au haitoki kabisa. Mwenye ukumbi mkubwa ni afadhali asogeze kompyuta karibu na televisheni, halafu arefushe waya wa sauti.

Tatu, omba waya uchomekwe na uonekane ukifanya kazi. Maduka mengi yana televisheni inayowaka kwa ajili ya maonyesho. Muuzaji anayeikubali bidhaa yake hatakataa jaribio la dakika mbili. Akikataa, vuka barabara, kwani Kariakoo haijawahi kuwa na duka moja.

Nne, usidanganywe na rangi ya dhahabu. Kwa waya mfupi wa HDMI, picha hutoka au haitoki. Kichwa cha dhahabu hakiongezi ung'avu. Angalia badala yake kama kichwa kimekaza, kama waya haujalegea kwenye shingo, na kama umeandikwa vizuri. Dai risiti ya mashine ya EFD, kwa sababu ndiyo ushahidi wako wa kwanza pakitokea ubishi.

Kuunganisha hatua kwa hatua

Ukifika nyumbani, zima televisheni na kompyuta. Chomeka waya pande zote mbili, kisha viwashe. Chukua rimoti, bonyeza kitufe cha INPUT au SOURCE, na uchague tundu ulilotumia, kwa mfano HDMI 1, PC au AV. Hatua hii husahaulika kuliko zote.

Kama kompyuta inatumia Windows 7 au toleo jipya zaidi, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Utapewa njia nne: kuonyesha kwenye kompyuta pekee, kuonyesha sawasawa kwenye vioo vyote viwili, kupanua kioo, au kuonyesha kwenye televisheni pekee. Kwa mafunzo na maonyesho chagua ya pili.

Picha ikitoka bila sauti kwa HDMI, bonyeza alama ya spika chini ya kioo cha kompyuta na uchague televisheni iwe ndiyo inayopokea sauti. Kingo za picha zikikatwa, usilaumu waya. Ingia kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha ya televisheni na utafute maneno kama Just Scan au Screen Fit.

Kwa usalama wa umeme, chomeka televisheni na kompyuta kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi. Ukisikia ganzi unapogusa kichwa cha waya, simamisha kazi na mwite fundi wa umeme. Wakati wa ngurumo chomoa kila kitu, pamoja na waya wa antena au dishi, kwa kuwa radi hupita humo na kufika hadi kwenye kompyuta yenye hesabu zako.

Pengine huhitaji waya kabisa

Kabla ya kufungua pochi, jiulize unataka kuonyesha nini. Kama ni video tu, na televisheni yako ni bapa yenye tundu la USB, weka video kwenye flashi na uichomeke. Video za aina ya MP4 huchezwa na televisheni nyingi. Kumbuka tu kwamba flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4 au zaidi. Mafunzo ya kilimo kwa Kiswahili, kama yale yanayotolewa bure na taasisi ya Access Agriculture, yanaweza kupakuliwa mjini na kupelekwa kijijini kwa njia hiyo.

Tundu hilo la USB, hata hivyo, halikuwekwa kwa ajili ya kuunganisha kompyuta. Waya wa USB wenye vichwa sawa pande zote mbili, ukichomekwa humo kutoka kwenye kompyuta, hautaleta picha, na unaweza kuharibu vifaa vyote viwili.

Kwa wenye vibanda, waya sahihi haukupi ruhusa ya kuonyesha kazi ya mtu mwingine kwa kiingilio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wenye kazi hizo, hivyo fuatilia vibali kabla ya kuweka viti.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kariakoo, anayeuliza akiwa na picha mbili kwenye simu yake hurudi Ifakara na waya mmoja unaofanya kazi. Asiye nazo hurudi na waya watatu, na siku ya mafunzo wanachama wake wanaendelea kusongamana mbele ya kioo kile kile kidogo.