Si Dini Iliyotutoa Shuleni

Mara nyingi husemwa kwamba wazee wetu wa pwani hawakuipenda shule, na kwamba ndiyo sababu tukaachwa nyuma. Yamo ya kweli katika maneno hayo, kwani walikuwako walioogopa kwamba mtoto akisomeshwa Kizungu atapotea dini. Lakini mimi, niliyezaliwa Lamu katika nyumba ya makuti, nikafundisha shule za msingi miaka 38 hadi kustaafu, nina ushahidi mwingine. Wengi wetu tulitolewa darasani na visenti.

Baba yangu alikuwa mkata boriti. Hukaa mikokoni majuma kadha wa kadha, na malipo yake yakihesabiwa kwa korija, yaani boriti ishirini ishirini, baada ya kukatwa unga na sukari aliyokopeshwa kabla ya safari. Mama alisuka mikeka. Miyaa akiitia rangi mwenyewe, ukili akiusuka usiku kwa taa ya kandili, na mnunuzi alijua vyema kwamba mwanamke yule hawezi kungojea bei nzuri. Kazi yangu mimi ilikuwa kutembeza sinia la mahamri baada ya sala ya alfajiri, kisha niende chuoni.

Na chuo, ndugu msomaji, hakikumfukuza mtoto wa maskini. Desturi ilikuwa kupeleka pesa kidogo kila Alhamisi. Asiye nazo alimchotea mwalimu maji au akamletea kuni, hesabu ikaisha. Lamu tulikuwa na mfano mkubwa mbele yetu. Habib Swaleh, aliyekuja kutoka Ngazija katika karne ya 19, akaanzisha Msikiti wa Riyadha na kufariki mwaka wa 1935, aliwafundisha hata waliotoka utumwani. Jambo hilo halikuwapendeza wakubwa wote wa mji, wala hakuliacha.

Shule ya serikali ilikuwa na mambo mengine. Mwaka wa 1974 karo iliondolewa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na walioingia darasa la kwanza nchini wakazidi maradufu. Mimi nilikuwa na miaka 9, mrefu kuliko wenzangu wote, nikiketi nyuma nisimzibie mtu ubao. Furaha haikudumu. Madarasa hayakutosha, basi wazazi wakatozwa pesa za jengo, na pahali pengi zilizidi karo yenyewe iliyoondolewa! Nilirudishwa nyumbani mara tatu. Mara ya tatu mama aliuza mkeka ambao hata ukingo haujatiwa.

"Nenda," aliniambia, "na baba yako akirudi usimtajie bei."

Mwaka wa 1979 Rais Moi alipofuta michango ile, wengi wa rika langu walikwisha kuwa mabaharia na wachukuzi. Mimi nilibaki, nikafanya mtihani wa CPE mwaka uliofuata, nikapata nafasi ya sekondari. Nilipokuwa kidato cha pili, mwaka wa 1982, serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti ng'ambo. Sisemi kwamba haikuwa na sababu. Mikoko ilikuwa ikiisha. Lakini jahazi za Arabuni hazikupakia tena, na baba akaketi. Walionisomesha baada ya hapo ni watu wa mtaa wetu. Walichangishana baada ya sala ya Ijumaa, huyu shilingi tano, huyu kumi, na mwenye duka mmoja akanipa sare na madaftari miaka miwili asiandike deni. Hakupenda kutajwa, nami simtaji.

Nilianza kazi ya ualimu mwaka wa 1987. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa wazazi kushiriki gharama, nami nikapewa orodha ya watoto saba wasioruhusiwa kuingia mpaka walipe. Niliisoma orodha ile nikaona ni majina ya watoto wa wavuvi na wasuka mikeka. Jioni hiyo niliwaita wote saba barazani kwangu. Ubao wetu ulikuwa kipande cha mlango kilichopakwa masizi. Tulisoma hesabu na Kiingereza baina ya Alasiri na Magharibi, na mke wangu akawachukua wasichana ndani, jambo lililowatuliza mama zao. Watano katika wale saba walirudi darasani wakaendelea hadi mtihani. Wawili bahari iliwachukua, yaani waliingia uvuvini.

Mwaka wa 2003 karo ya msingi iliondolewa tena, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka shuleni nchini. Nilidhani baraza sasa itapumzika. Kumbe visenti vina majina mengi: pesa za mtihani, za chakula, za masomo ya ziada. Na tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka wa 2019, mtoto huambiwa aje na karatasi za manila, gundi, rangi na mkasi. Ni vitu vidogo kwa mwenye mshahara. Kwa mama anayeuza mbaazi ni chakula cha usiku.

Kwa hiyo barazani sasa liko sanduku, limejaa manila na gundi. Halina kufuli wala daftari la majina. Majirani hulijaza, na mwezi uliopita mke wa mvuvi mmoja alichukua rangi za bintiye, jioni akaniletea changu wawili. Nilimpokea samaki wake, na binti huja kila siku baada ya Alasiri. Shida yake ni hesabu za sehemu.