Kabla ya Kuweka Samaki Kwenye Tangi Jipya

Mwaka jana tulipewa tangi la kioo la lita 100 kwa ajili ya chumba chetu cha mapumziko. Asubuhi tulilijaza maji ya bomba, jioni tukaweka samaki sita. Maji yalikuwa maangavu hadi chini. Kabla wiki mbili hazijaisha, wote walikuwa wamekufa. Tulidhani maji yanayoonekana safi ni maji yaliyo tayari.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Amonia ni sumu. Katika ziwa, bakteria huishughulikia. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo huzuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hawa hujishikiza kwenye changarawe na sponji ya chujio. Katika tangi jipya karibu hawapo, na huchukua takribani wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha.

Basi, fanya hivi:

1. Weka tangi juu ya meza imara, mbali na jua la dirishani linalootesha mwani. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja.

2. Osha changarawe kwa maji matupu. Usitumie sabuni.

3. Klorini ya maji ya bomba huua bakteria na kuunguza matamvua. Tumia dawa ya kuiondoa. Kama ni klorini ya kawaida, unaweza pia kuacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima.

4. Washa chujio usiku na mchana. Kila siku dondosha chakula kidogo cha samaki, ingawa samaki hawapo. Kikioza kitatoa amonia ya kulisha bakteria. Ukipata sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, muda utapungua.

5. Pima maji kila baada ya siku chache. Amonia itapanda, kisha nitriti. Zote mbili zikisoma sifuri huku ukiendelea kuweka chakula, na nitrati ikaonekana, tangi liko tayari.

6. Badilisha nusu ya maji, kisha anza na samaki wawili au watatu. Wengine waongezwe baadaye, kidogo kidogo.

Sponji ikichafuka, isuuze kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe. Maji ya bomba yatakurudisha mwanzo.

Mara ya pili tulisubiri siku 38. Mafrateri wenzangu walinitania kwamba nafuga maji, na kila jioni kuna aliyeuliza samaki wanakuja lini. Nikawaonyesha kipimo. Leo tuna samaki wanane, na hakuna aliyekufa.