Kikohozi kisichokoma: jinsi dawa ya shinikizo la damu inavyozichokoza neva za njia ya hewa

Mgonjwa wa shinikizo la damu anayekohoa kwa majuma kadhaa, bila homa wala makohozi, huenda hana ugonjwa wowote wa mapafu. Chanzo chaweza kuwa kidonge anachokimeza kila siku.

Dawa zinazohusika ni za kundi moja, na majina yake huishia na herufi zilezile: captopril, enalapril, lisinopril. Zimesambaa Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko duniani, na zimewaepusha wengi na kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi. Hata hivyo, baadhi ya wanaozitumia, wanawake zaidi kuliko wanaume, hupata kikohozi kikavu chenye mwasho kooni.

Neva zinazolinda pumzi

Kuanzia kooni hadi mapafuni, kuta za njia ya hewa zimetandazwa neva nyembamba. Nyingi ni matawi ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka kupitia shingoni hadi kifuani. Moshi, vumbi au mvuke wa pilipili inayokaangwa unapozigusa, neva hizo hupeleka taarifa kwenye ubongo, na mtu hukohoa.

Baadhi ya neva hizo hutoa pia nyuropeptidi, yaani vipande vidogo vya protini vinavyobeba ujumbe. Inayojulikana zaidi ni dutu P, iliyogunduliwa mwaka 1931 mjini London na Ulf von Euler wa Sweden na John Gaddum wa Uingereza. Ikitolewa katika njia ya hewa, dutu hiyo huweza kuibana mirija, kuongeza ute na kuufanya utando uvimbe. Zipo pia nyuropeptidi zinazofanya kinyume chake, kwa kuilegeza misuli ya mirija ili hewa ipite.

Kimeng'enya chenye kazi mbili

Mwili una kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi ACE. Kazi yake ya kwanza ni kutengeneza anjiotensini ya pili, kemikali inayobana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Kazi yake ya pili ni kuzivunjavunja dutu P na kemikali nyingine iitwayo bradikinini.

Dawa hizo hukizuia kimeng'enya hicho. Shinikizo hushuka, lakini kemikali zilizopaswa kuvunjwa hubaki na kuongezeka. Wataalamu wanaamini kuwa hapo ndipo neva za njia ya hewa huwa nyepesi kuchokozeka, hata pasipo moshi wala vumbi.

Kikohozi hicho chaweza kuanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza, au miezi kadhaa baadaye. Dawa za kikohozi na antibiotiki hazikiondoi. Dawa ikibadilishwa, kwa kawaida hupungua katika muda wa wiki moja hadi nne, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu.

La kufanya

Madaktari huonya kwamba mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake, kwani shinikizo lisilodhibitiwa huua bila kutoa dalili. Anapaswa kumweleza mhudumu wa afya majina ya dawa zote anazotumia. Ipo dawa mbadala, kama losartan, inayoshusha shinikizo bila kukizuia kimeng'enya hicho.

Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, hiyo ni dharura: mgonjwa asimeze kidonge kingine na awahishwe hospitalini. Uvimbe huo hutokea kwa nadra, lakini watu wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi.

Aidha, kutumia dawa hizi si sababu ya kupuuza kifua kikuu. Kikohozi kinachodumu wiki mbili au zaidi kinahitaji kipimo, hasa kikiandamana na homa, kutokwa jasho usiku, kukonda au makohozi yenye damu.